Funguo za Ghala la Nne

Mbeyu, barua ilipobandikwa Ijumaa
pale ukutani, juu ya ndoo za mchanga wa kuzimia moto,
watu walisoma jina lako, kisha wakanigeukia mimi.
Miaka kumi na tisa hapa Shimanzi: walitaka kuuona uso wangu.
Niliwapa uso.
Halafu nikaenda kuosha gilasi iliyokuwa safi.

Sitakuficha. Usiku ule, kule Tudor, sikula.
Mwanasiti alipakua wali, akaungoja, akaufunika kawa.
"Kiti ni kimoja, Shekue," akasema, "makalio ndiyo mengi."
Nikacheka kwa kujilazimisha,
baadaye, gizani, nikacheka kweli.

Jumatatu nikakuona mlangoni na kile kitita cha funguo,
thelathini na moja, umezishika
kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike kidogo tu,
na mwenzake hajarudi.

Basi sikiliza, kabla lori la Malaba halijaingia.
Ufunguo wenye utepe mwekundu haufungui kitu,
kufuli lake lilikufa zamani. Usiutupe: wakaguzi huuhesabu.
Mizani ya mlango wa magharibi husema uongo,
kilo mbili kila mfuko, sakafu ikiwa mbichi.
Dereva akikuita madam mara tatu kwa pumzi moja,
mzigo wake uhesabu kwa mkono wako.
Na chai hunusa, Mbeyu. Hunywa harufu ya jirani.
Sabuni isilale nayo hata usiku mmoja,
hata apige simu mwenye ghala mwenyewe.

Kadzo na wale mliokuwa mkishona mifuko pamoja
watanyamaza ukifika.
Si chuki. Wanajifunza upya kulitamka jina lako.
Wape wiki mbili.
Usiwanunulie soda.

Kuna jambo jingine, nalo si la ghala.
Mwakio, aliyekutangulia, naye tulimpigia makofi Ijumaa.
Tukamkatia keki. Jumatatu tukasogea kando
tukamtazama kama watu watazamao mpira
dirishani kwa jirani, bila kulipa.
Hakuijua ile mizani.
Mimi niliijua.
Kila jioni alipiga hesabu, akazifuta, akapiga tena,
nami nikimpitia mgongoni na kikombe changu
nikimwambia, "Pole na kazi, bosi."
Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, ilipungua tani nzima na kitu,
akatoka na bahasha, na miwani mfukoni, hata hakuivaa.
Siku hizi yuko Voi, nasikia ana duka la misumari.
Sijampigia simu. Nambari yake ninayo.

Kwa hiyo usinishukuru.
Sikwambii haya kwa wema; labda kidogo kwa wema.
Kile kiti nilikitaka, na bado mgongo wangu unakitaka
hasa saa tisa alasiri, jua linapopiga bati.
Lakini kutaka ni kwangu, na ghala ni letu,
na mtu haachwi azame
ili wengine wajue kina cha maji.

Jana ulimfokea Kombo mbele ya vijana wa foklifti.
Haki ulikuwa nayo; mahali ndipo ulipokosea.
Nilinyamaza, nikajiambia nitakueleza leo.
Leo asubuhi, kabla sijafungua mdomo,
nikakuona umemwita nyuma ya tangi la maji.
Mliyosemezana sikuyasikia.
Nilimwona tu akirudi, akivaa glavu zake,
moja, kisha nyingine, bila haraka, kama mtu anayebaki.

Haya, lori hilo, linapiga honi getini.
Mvua ya alfajiri haijakauka.
Karatasi zipokee wewe, na dereva akiniuliza mimi
nitamwonyesha wewe kwa kidevu.
Usinitazame, ukitazama wataona.
Nitakuwa pale mlango wa magharibi,
nimechutama kando ya mizani,
na tambara kavu.